Wiki Tuliyomsubiri Mkaguzi

Anzelma tumemzika juzi Chanika, na khanga niliyovaa msibani mpaka leo haijatoka harufu ya moshi wa kuni. Nilifika asubuhi, kabla mwili haujaletwa kutoka hospitali, nikaingizwa chumbani walikokaa wanawake. Kilikuwa chumba kipya ambacho ukuta wake mmoja haujapigwa lipu bado, dirisha lina nondo lakini halina kioo, na pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo ili upepo usilipeperushe. Tulikaa kwenye mikeka, miguu tumenyoosha, tukizungumza vile wanawake wanavyozungumza msibani machozi yakishakauka. Mmoja alilalamika kwamba wapishi wameunguza ubwabwa wa kwanza. Mwingine akasema marehemu angekuwa hai angewafukuza wote jikoni, maana Anzelma mchezo na sufuria alikuwa hataki. Tukacheka, tukaona haya. Mama mmoja nisiyemjua akanigeukia. "We dada ni ndugu wa marehemu?" Nikamwambia, "Nimesoma naye sekondari, kule Mtoni." Akanitazama kama mtu aliyesikia jambo la ajabu. "Kumbe Mama Skola alisoma sekondari?"

Swali lile lilinichoma. Si kosa lake yule mama. Watu wa Chanika walimjua Anzelma kwa kuku na kwa kupika kwenye maharusi, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kusimulia ya nyuma. Nikasogea dirishani kupata hewa, nikainua pembe ya pazia. Nje, chini ya turubai, wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki, wazee mbele, vijana na simu zao nyuma. Katikati ya wazee nikamwona mmoja mrefu, kofia mapajani, magoti ameyabana pamoja kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Nilimtambua kwa mkao ule. Mwalimu Chilumba, aliyetufundisha Kiingereza mwaka wa mwisho, na sikujua kama bado yuko hai. Wenzetu wa grupu la wanafunzi wa zamani ndio waliomtafuta wakamleta kwa gari, wakidhani wanampa marehemu heshima. Nikaliachia pazia. Nilikasirika, na kwa kuwa msibani si mahali pa kukasirika, nikakaa chini nikajifunika khanga wakadhani nalia.

Mwaka ninaousema tulikuwa kidato cha nne, mkondo wa C, kwenye shule moja iliyokuwa ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa. Wanaokumbuka shule kwa raha huwa nawaonea wivu. Mimi nakumbuka joto. Darasa lilikuwa la bati tupu bila dari, na jua likishapanda bati lilianza kugonga ko, ko, ko, linajinyoosha juu ya vichwa vyetu. Dawati la watu wawili tulikaa watatu, anayeandika wa katikati lazima wa pembeni wabane viwiko. Ubao ulikuwa umechakaa mpaka chaki haishiki, kwa hiyo kila muhula tuliambiwa tulete betri kuukuu za redio. Tulizipasua, tukautwanga ule mkaa wake, tukauchanganya na majani ya viazi, tukaupaka ubao mpaka viganja vikabaki vyeusi wiki nzima. Ukuta uliotutenga na ofisi ya walimu haukufika juu. Tulisikia vikombe vyao, tulisikia umbea wao, na ndivyo tulivyojua kwamba wa C tunaitwa wasindikizaji, yaani wa kuwasindikiza wenzetu wa A na B kwenye mtihani. Nilimsikia mwalimu wa hesabu akisema, muhogo mdomoni, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Pale C we pitisha muda tu braza. Usije ukapasuka kichwa bure." Anzelma alikuwa kando yangu anachonga penseli kwa wembe. Aliendelea kuichonga mpaka ikabaki kipande cha kushikwa kwa kucha.

Mwalimu Chilumba alikuja mwanzoni mwa mwaka, kijana, na mashati mawili, jeupe na la bluu. Alikuwa mwalimu wa muda, hajathibitishwa. Alitoka kusini kama wazazi wa Anzelma, na lafudhi ya kwao aliificha kwa bidii, isipokuwa akikasirika. Alitupenda, hilo siwezi kumnyima. Ndiye wa kwanza kutuita kwa majina badala ya "we uliyevaa sweta." Lakini alimwogopa Mkuu wa Shule, na Mkuu alikuwa na tabia ya kupita nje ya madirisha, mikono nyuma, akichungulia ni wanafunzi wangapi wamenyoosha mkono mwalimu akiuliza swali. Mikono ikiwa michache, mwalimu anaitwa ofisini na sisi tunasikia kila neno. Basi siku moja Mwalimu Chilumba akafunga mlango, akatuambia kwa Kiswahili, ambacho kwenye kipindi chake kilikuwa marufuku, "Sikilizeni wanangu. Nikiuliza swali, wote mnyooshe. Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitajua wa kumwita. Asiyenyoosha kabisa tutaonana." Tulicheka mpaka madawati yakatikisika. Baadaye maishani nimekuja kusikia kwamba walimu wengi wameufanya ujanja huo, kila mmoja akidhani kaubuni yeye. Siku ile ilikuwa siri yetu na yeye, na Mkuu alipopita dirishani akaona darasa zima limenyoosha mikono, alisimama akasahau kuchungulia.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kila mtu alibadilisha mkono kwa swali lake, leo wa kulia, kesho wa kushoto. Lakini binadamu anachagua mahali pa kukaa. Unanyoosha wa kulia, unaitwa, unakosea, wenzako wanacheka. Swali linalofuata unanyoosha wa kushoto hata kama jibu unalihisi, kwa sababu wa kushoto haitwi kamwe. Ukinyoosha wa kushoto unakaa salama. Kufika katikati ya mwaka mikono ilikuwa imeshatulia. Tulikuwa wachache wa kulia, mimi nikiwa mmojawapo, na wengine wote walikuwa wa kushoto, na tukaitana hivyo hivyo: yule wa kushoto, yule wa kulia. Mwalimu hakutupanga. Tulijipanga wenyewe, yeye akatuzoea. Macho yake yakawa yanajua njia, yanatoka kwangu yanakwenda kwa Juma wa mbele, yanarudi, wale wengine anawapita kama mtu anavyopita miti barabarani.

Anzelma alikuwa wa kushoto, na nilijua kwa nini. Akili haikuwa na shida. Kiingereza ndicho kilichomkaba, na aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa fimbo. Nilikuwa najua hivyo kwa sababu nilikula kwao mara nyingi kuliko kwetu. Walipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya uani, chumba cha mbele kina kabati la vyombo, meza, na kitanda cha wadogo zake wa kiume kimeegemezwa ukutani mchana. Mama yake, tukimwita Mama Anze, alipika ugali wa muhogo na kisamvu, au dagaa wa kukaanga waliokamuliwa ndimu, na mpaka leo sijapata kisamvu kama kile. Kabla hajatupakulia sisi alianza na sahani ya bati yenye maua, sahani ya baba Anzelma. Baba huyo alikwenda machimboni Tunduru tukiwa shule ya msingi, na tangu aondoke hakuwahi kuleta habari wala kutuma mtu. Mama Anze aliijaza sahani ile, akaifunika kwa kawa, akaiweka juu ya kabati. Hakuna aliyeuliza. Jirani aliyekuwa akisukwa nywele uani nilimsikia akimwambia msusi wake, "Maskini, akili imeshamruka. Anampakulia mtu aliyekwisha sahau njia." Na chakula kikiisha, Mama Anze alimgeukia mwanawe akauliza swali lake la kila siku: "Leo umeulizwa?" Yeye hakusoma, na kwake mtoto anayesoma ni yule anayeulizwa na mwalimu akajibu. Anzelma alijibu, "Sijaulizwa, mama." "Haya," husema Mama Anze, "kesho utaulizwa." Nilikuwa nainamia sahani yangu kila swali lile lilipokuja.

Jumatatu ya wiki ile Mwalimu Chilumba aliingia darasani na shati lililopigwa pasi mpaka kola inakata, tukajua kuna jambo. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Atakaa kwenye kipindi cha Kiingereza cha C, siyo A, siyo B, kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyotaka. Mwalimu hakutueleza zaidi, lakini ukuta ulitueleza. Tulimsikia Mkuu akimwambia, "Chilumba, hii ndiyo nafasi yako. Ripoti ikiwa nzuri, nakupeleka jina ukathibitishwe. Ikiwa mbaya, mwakani usinitafute." Tulisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe muda mrefu. Mwalimu akasema, "Nimekuelewa, Mkuu."

Basi tukaanza kazi. Jumatatu ileile na Jumanne ilikuwa sarufi, kugeuza sentensi kutoka mtu anayefanya kwenda jambo linalofanywa. Mama alipika chakula. Chakula kilipikwa na mama. Tuliimba sentensi hizo za Kiingereza darasa zima, bati linagonga juu, mpaka mafundi seremala wa jirani wakaanza kutuitikia kwa dhihaka. Jumatano tukaingia kwenye hadithi. Ilikuwa hadithi fupi ndani ya kitabu chembamba kisicho na jalada, kitabu kimoja kwa kila dawati, kuhusu mama wa kijiji fulani ambaye mwanawe amekwenda kufanya kazi mgodini na hajarudi. Kila jioni mama huyo anampakulia chakula, na mdogo wa huyo mwana, mwenye umri wa kwenda shule, anaangalia. Hadithi inaishia hapo, haisemi kama alirudi. Mwalimu akatupa swali ambalo angeliuliza Ijumaa: kwa nini mama huyu anampakulia mwanawe chakula? Na akatupa jibu: kwa sababu ana matumaini. Tukaliandika. Mtihani wa taifa unapenda matumaini, alisema. Nikamwangalia Anzelma. Alikuwa ameweka kalamu chini, anausoma ule ukurasa wa mwisho, midomo inachezacheza kama mtu anayesali. Mimi ndiye niliyechaguliwa kulijibu swali lile, na Juma alipangiwa sarufi. Wengine walitakiwa kunyoosha wa kushoto tu, juu kabisa, kwapa lionekane.

Jioni ya Jumatano shangazi yake Anzelma alikuja kutoka Vingunguti, alikouza supu karibu na machinjio. Alikuwa mwanamke mchangamfu, sauti kubwa, na nguo zake zilikuwa na harufu ya ndimu na mafuta ya ng'ombe. Tulikuwa tunakula. Hakushusha sauti kwa sababu yangu. "Wifi, mie nasema ukweli. Huyu mtoto anakwenda shule kukaa kimya. Kukaa kimya si anaweza kukaa kwangu, na jioni akarudi na utumbo mkala? Miguu yangu imevimba, nataka mtu." Mama Anze alikuwa anaifunika ile sahani ya maua. Akaipandisha juu ya kabati kwanza, ndipo akajibu. "Ijumaa kuna mkubwa anakuja shuleni kwao. Akiulizwa mbele ya huyo mkubwa, anabaki amalize. Asipoulizwa, Jumatatu mchukue." Shangazi akasema haya. Anzelma akaendelea kula. Nilitamani apige kelele, avunje kitu, lakini alichambua mwiba wa samaki akauweka pembeni ya sahani, taratibu.

Alhamisi asubuhi nilimkuta kwao anakunywa chai, mbele yake ile sahani ya bati, anakula kiporo. Wadogo zake walishakula upande wao. Sikulitilia maanani, nilikuwa nimekiona kiporo kile miaka yote. Tulipotoka nikamwambia, "Anze, nenda kamwambie Mwalimu. Mweleze ishu yote, akuulize swali rahisi Ijumaa." Akasimama njiani. "Nikamwambie nini? Kwamba mama anataka niulizwe? Ataniuliza kwa kunionea huruma. Mie nataka aniulize kwa kuona mkono." Tukatembea kidogo. Akaniuliza, "Kiporo kwa Kiingereza ni nini?" Nikafikiri, mimi mjuaji wa darasa, na sikujua. Nikamwambia labda aseme chakula cha jana. "Chakula cha jana," akarudia kwa Kiingereza, akakijaribu mara kadhaa mdomoni. Nikadhani ananitania.

Ijumaa darasa lilidekiwa mpaka sakafu ikanuka dawa, na ubao ulikuwa mweusi hata tunaona nyuso zetu. Mkaguzi alikuwa mwanamama wa makamo, gauni la kitenge, miwani ya kusomea imening'inia kifuani. Alitusalimia kwa upole, akakaa nyuma kwenye kiti cha Mkuu kilichobebwa kutoka ofisini. Mwalimu Chilumba alianza na sarufi. Akauliza, mikono yote ikapanda, akamwita Juma, Juma akageuza sentensi yake vizuri kabisa. Mkaguzi akaandika. Nilimwombea Mwalimu, sitasema uongo. Kisha akaingia kwenye hadithi. Akaisoma aya ya mwisho kwa sauti nzuri, akafunga kitabu, akauliza kwa nini mama yule anampakulia mwanawe chakula. Mikono ikapanda. Nikapandisha wangu wa kulia, na kwa pembeni ya jicho nikauona mkono wa Anzelma. Ulikuwa wa kulia. Ulikuwa umenyooka mpaka mshono wa shati lake ubavuni ukaachia.

Mwalimu akaniita mimi. Nikasimama nikasema, kwa sababu ana matumaini, nikaongeza maneno mengine ya kupangiwa, nikakaa. Mkaguzi akatingisha kichwa kwa kuridhika, akasema kutoka nyuma, kwa Kiingereza, kwamba angependa kusikia wazo la mtu mwingine. Mikono ikapanda tena, msitu mzima wa mikono ya kushoto, na miongoni mwake mkono wa Anzelma. Macho ya Mwalimu yalikwenda kwa Juma, yakarudi, na njiani yakamwona. Yakasimama. Nilimwona anavyoshangaa, halafu nikaona sura yake inalainika, ikawa sura ya mtu mwema anayemwona mtoto akikosea njia. Akashika pindo la shati lake la mkono wa kushoto, akalivuta kidogo, mara mbili, huku anamwangalia. Alikuwa anamkumbusha. Alidhani amechanganya mikono. Anzelma akatikisa kichwa, kidogo sana, mkono haukushuka. Mwalimu akalivuta pindo tena, uso umeanza kutoa jasho. Mkaguzi alikuwa anasubiri. Anzelma akatikisa kichwa mara nyingine, na safari hii nilimsikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusimama bila kuitwa. Mwalimu Chilumba akageuza macho akamwita Juma. Juma alisema kwamba mama ana matumaini makubwa.

Alipoagana nasi, mkaguzi alisema hajawahi kuona darasa ambalo kila mwanafunzi anashiriki. Tulimpigia makofi. Anzelma naye alipiga, nilikuwa kando yake, nilimwona.

Tulirudi kwa njia ya nyuma ya nyumba, ambako kuna mfereji wa maji machafu na hakuna mtu anayependa kupita. Nikauliza lililonikereketa: ulitaka kusema nini? Akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayenielekeza duka. "Yule mama hana matumaini yoyote. Anajua hatorudi. Chakula ni kidogo, na akisema hiki tuweke mtakula asubuhi, watoto watakimaliza usiku uleule, njaa haina adabu. Lakini cha baba hakiguswi. Kwa hiyo anampakulia yule asiyekuwepo, asubuhi mtoto anapata cha kula aende shule." Nilisimama. Miaka yote niliyokula kwao, na yale manong'ono ya uani kwamba akili imemruka, na ile sahani niliyoikuta mezani jana yake tu. Nikamwuliza, "Na kwa Kiingereza ungeweza?" Akalisema lote kwa Kiingereza, pale kando ya mfereji, neno kwa neno, mpaka kile chakula cha jana, na hakukosea. Nililia mimi. Yeye aliniambia nisilie, nitachafua kola.

Nilikuwepo jioni ile Mama Anze alipouliza. Alikuwa amepika wali, kitu cha nadra katikati ya mwezi, na alikuwa amevaa khanga yake nzuri. "Leo umeulizwa?" Anzelma angeweza kusema ndiyo. Nilimwombea aseme ndiyo, na kama angesema, ningemuunga mkono mpaka kiama. "Sijaulizwa, mama." Mama Anze alikaa na upawa mkononi. Safari hii hakusema kesho utaulizwa. Alisema, "Haya, kuleni wali haujapoa." Jumatatu dawati letu lilikuwa na watu wawili, na kwa mara ya kwanza mwaka ule kiwiko changu kilikuwa na nafasi.

Baada ya mtihani nilimfuata Vingunguti. Alikuwa nyuma ya sufuria kubwa kuliko yeye, moshi machoni, anawakatia wachinjaji nyama na kuwajibu utani wao kabla hawajaumaliza. Alikuwa amekuwa mwepesi wa maneno kuliko sisi wote. Alinipa bakuli, akanikamulia ndimu, akaniuliza habari za watu wote isipokuwa Mwalimu. Urafiki wetu haukufa, lakini habari ya Ijumaa ile hatukuigusa tena, na kila nilipotaka kuigusa aliniongezea mchuzi. Mimi niliyenyoosha wa kulia nilipata alama za wastani, nikaishia kushona sare za shule hapo Mtoni, na silalamiki, kazi imenilisha. Ninachosema ni kwamba nimekutana na watu wengi wenye vyeti, na kwa habari ya hadithi ile sijasikia mtu aliyeielewa kama msichana aliyeacha shule Jumatatu iliyofuata. Huwa najiuliza angekuwa nani. Halafu najikataza, kwa sababu alikuwa mtu tayari.

Juzi, tulipotoka makaburini, chakula kikapakuliwa. Wapishi walikuwa wamerekebisha mambo yao, ubwabwa ulikuwa mzuri, na maharage yaliyotiwa nazi. Nikachukua sahani nikampelekea Mwalimu Chilumba chini ya turubai. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Wewe ni Rukia." Nikashangaa, miaka yote hii. Akacheka, meno ya mbele hana. "Nawasahauje? Nyie C ndio mlionithibitisha kazi. Ripoti ile! Nikapanda mpaka nikawa mkuu wa shule, nikastaafu salama, yote ni kwa ajili yenu." Alikula kidogo, akasifu chakula, akauliza watoto wangu. Alikuwa mzee mpole, mikono inamtetemeka, na hasira niliyokuwa nayo dirishani niliitafuta sikuipata. Kisha akainama karibu yangu, akashusha sauti, kwa aibu.

"Mwanangu, nisaidie. Huyu marehemu wamenitajia jina, wamenionyesha picha, nimemwaga mchanga kaburini, lakini sura yake darasani haiji kabisa. Alikaa wapi?"

"Alikaa na mimi, Mwalimu."

Akafikiri, kijiko kimesimama. "Alikuwa mkono gani?"

"Wa kulia," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi anayempenda. "Hapana, Rukia. Wa kulia nawakumbuka wote." Akaweka sahani chini ya kiti, akaanza kututaja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, akianza na langu.